Umepakwa Mafuta Ufanye Nini?

Mjukuu wangu,

Mama yako amenipigia simu, sauti yake nusu furaha, nusu hofu. Anasema nabii mmoja alikusimamisha mbele ya umati, akakumiminia mafuta kichwani na kutangaza kwamba una upako wa mataifa. Tangu siku hiyo masomo ya umeme pale chuoni umeyaona madogo, unataka kuyaacha ufungue huduma yako. Jina la huduma umeshalipata, nami nimesomewa. Ni refu kuliko orodha ya wanakwaya wetu.

Sikucheki, wala sikukatazi. Kijana anayetamani kumtumikia Mungu si wa kuzimwa. Nina swali moja tu, na barua hii yote italizunguka hilo. Upako siku hizi unatajwa usiku na mchana, redioni, kwenye mabango ya barabarani na kwenye simu zenu, ila swali lenyewe silisikii likiulizwa. Umepakwa mafuta ufanye nini?

Anzia pale mafuta yenyewe yalipoanzia, Kutoka sura ya 30. Musa anapewa vipimo kamili: manemane shekeli 500, mdalasini shekeli 250, kane 250, kida 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni. Shekeli ilikuwa kama gramu 11 hivi, kwa hiyo viungo peke yake vilizidi kilo 15. Mali hiyo ilikuwa ghali kwa watu waliokuwa wanaishi kwenye mahema jangwani. Kisha linafuata katazo ambalo wauza mafuta wa leo hulipita mbio. Mafuta hayo hayakuwa ya kupaka mwili wa mtu yeyote tu, na aliyethubutu kutengeneza mengine ya mfano wake alitengwa na watu wake. Hayakuuzwa wala hayakufungwa kwenye vichupa vya kupeleka nyumbani.

Tena angalia nani alitangulia kupakwa. Kabla tone halijamgusa Haruni, yalipakwa hema, sanduku la ushuhuda, meza na vyombo vyake, kinara, madhabahu, na birika la kunawia. Birika, mjukuu wangu! Bakuli la shaba la kuoshea mikono na miguu lilipakwa mafuta yale yale aliyopakwa kuhani mkuu. Halikupewa cheo, wala hakuna aliyelibebea mkoba. Lilitengwa kwa ajili ya kazi, basi, na tangu siku hiyo halikutakiwa kutumiwa kwa shughuli nyingine. Haruni alipokuja kupakwa baadaye, alipakwa kwa maana hiyo hiyo: kutoka hapo wewe si wako tena, una kazi ya watu hawa mbele za Mungu.

Hapa kwetu mlimani unajua msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Jembe la msaragambo hukabidhiwa mtu asubuhi achimbe mfereji wa wote. Akilipeleka kulimia kihamba chake, yaani shamba la nyumbani kwake, ameiba, hata kama analima vizuri mno na wapita njia wanamsifu kwa matuta yake. Upako nauona hivyo. Ukiniambia umepewa, nitatazama mfereji, sitatazama jembe.

Sasa Daudi, kwa sababu najua mahubiri mengi ya upako humtumia yeye. Samweli anakwenda Bethlehemu na pembe ya mafuta, anawapita kaka saba wenye vifua, mdogo anaitwa kutoka machungani, anapakwa, Roho wa Bwana anamjia kwa nguvu. Wahubiri wengi huishia hapo, kinanda kinapanda, watu wanaruka. Wewe endelea kusoma sura ile ile. Mistari michache mbele Sauli anatuma watu kwa Yese kumtaka kijana wake, na kijana anatambulishwa kama yule aliye pamoja na kondoo. Yaani baada ya mafuta alirudi kwenye zizi! Sura ya 17 inamkuta anatumwa na baba yake kuwapelekea kaka zake vitani bisi na mikate 10, na jibini 10 za mkuu wa kikosi. Mfalme mteule amebeba chakula cha askari, na kaka yake mkubwa anamfokea kwamba amewaacha kondoo wachache na nani. Daudi hakumjibu kwamba yeye ni mpakwa mafuta. Hakuwa na kadi yenye cheo hicho.

Baadaye kidogo yuko pangoni Adulamu, anawindwa, na waliomzunguka ni watu kama 400: wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Mpakwa mafuta wa Bwana anaongoza wadaiwa. Hapo ndipo alipojifunza kutawala, maana mtu asiyeweza kutuliza ugomvi wa watu wenye njaa pangoni hawezi kuketi kwenye kiti cha enzi. Alikuwa na miaka 30 alipoanza kutawala, kwanza Yuda peke yake pale Hebroni, ambako walimtia mafuta mara ya pili. Ilipita miaka saba na miezi sita kabla ya kuitawala Israeli yote, na wazee wa makabila walipokuja kufanya naye agano wakamtia mafuta mara ya tatu. Mara ya kwanza alipakwa na nabii nyumbani kwa baba yake. Mara mbili zilizofuata ni watu waliomtia mafuta, watu waliokuwa wamemwona akitoka na kuingia pamoja nao vitani. Wewe, kwa haraka yako, unataka mara zote tatu ziishe katika ibada moja ya jioni.

Kabla yake kulikuwa na Sauli, naye alipakwa mafuta, na nabii yule yule. Alitabiri, akashinda vita, akabadilishwa moyo. Mwisho wake unaujua. Samsoni naye alinyanyuka siku ile akidhani atajinyosha na kujitikisa kama zamani, kumbe Bwana alikuwa ameshamwacha na yeye hana habari. Hao wawili wananitisha kuliko Wafilisti wote. Mtu anaweza kuendelea kupiga kelele zile zile, na umati ukaendelea kuitikia, na ndani hakuna kitu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mhubiri ni mgema pia.

Najua tayari kuna neno linakukera kooni. Nimewahi kulisikia kwa wenzako pale kwenye mazoezi ya kwaya nilipouliza kuhusu fedha za mkutano fulani: msimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Hili nataka tulikalie, maana limefunga vinywa vingi.

Neno hilo liko katika Zaburi ya 105, na pia katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 16. Soma linamhusu nani. Linawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa wachache, wageni, wanahamahama kutoka taifa hadi taifa bila ardhi wala jeshi. Na wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme. Ni neno la kumkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo analishika mwenye walinzi na msafara wa magari dhidi ya mjane aliyeuliza sadaka yake ilikwenda wapi. Limegeuzwa juu chini kabisa, na sisi tukaitikia amina.

Utaniambia Daudi alikataa kumgusa Sauli pangoni Engedi. Kweli, alikataa kumuua, akamkata upindo wa vazi tu, na hata huo ukamchoma moyo. Lakini endelea tena, usiishie katikati. Daudi alitoka pangoni akamwita Sauli kwa sauti, akamwonyesha kile kipande cha nguo, na mbele ya watu wote waliokuwapo, na Sauli alikuwa amekuja na watu 3,000, akamweleza waziwazi kwamba anamdhulumu, na akamwomba Mungu ahukumu kati yao. Kutomgusa kulikuwa kutomwaga damu yake. Kunyamaza hakukuwamo. Na Daudi mwenyewe alipokuja kumchukua mke wa Uria, mpakwa mafuta mara tatu, Nathani alimwendea ikuluni, akamsimulia habari ya mwana-kondoo wa maskini, kisha akamwambia usoni kwamba mtu yule ni yeye. Daudi hakumkumbusha zaburi yoyote. Huko Antiokia nako Paulo alimpinga Petro mbele ya watu kwa unafiki wa mezani. Kama Petro aliulizwa, nabii wako ataulizwa.

Sisi watu wa Moshi tusingepaswa kuhitaji kufundishwa hili na mtu. Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Februari 2020, pale Uwanja wa Majengo, watu waliitwa wapite juu ya mafuta ya upako yaliyomwagwa chini, waponywe na kufunguliwa. Wakasukumana kuyawahi. Watu 20 walikufa kwa kukanyagana, wakiwamo watoto, na wengine wakaishia hospitali. Miaka mitatu baadaye, ng'ambo ya mpaka, msituni Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, Wakenya walianza kufukua makaburi ya waumini waliokuwa wamefundishwa kufunga mpaka wafe, na miili iliyotolewa ikazidi 400. Mambo haya mawili si mamoja na sitaki kuyachanganya. Moja lilikuwa msongamano wa dakika chache, jingine ni mafundisho ya miezi. Lakini katika yote mawili naamini kuna watu walioona kwamba jambo si sawa, wakajizuia kusema kwa sababu aliye mbele anaitwa mtumishi.

Na usinielewe vibaya kuhusu wale wa Majengo. Baada ya msiba ule nilisikia wasomi kwenye daladala wakisema watu wetu ni wajinga. Mimi sikusema hivyo na sisemi leo. Mwanamke mwenye mtoto anayeanguka kifafa, aliyekwisha kuuza mbuzi kwa ajili ya vipimo, hakimbilii mafuta kwa ujinga. Anakimbilia kwa sababu pale kuna mtu anayemwita kwa sauti na kumwambia shida yake inajulikana. Huku kwenye kanisa lake la zamani, pengine mara ya mwisho mtu kutoka usharikani kufika nyumbani kwake ilikuwa kuulizia ahadi ya jengo. Nasema wazi: mafuta ya barabarani yanapata wateja kwa sababu mafuta ya waraka wa Yakobo yamekauka.

Mafuta ya Yakobo nayajua vizuri kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa na yamewekwa mkononi mwetu. Katika sura ya tano ya waraka wake, mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Nani anamwendea nani hapo? Mgonjwa yuko kitandani, wazee ndio wanaotembea. Hakuna foleni, hakuna kiingilio, hakuna kuvuka uwanja gizani na mtoto mgongoni. Tena wazee ni wengi, si mmoja, kwa hiyo akipona hakuna wa kubandika picha yake ukutani kwamba ndiye aliyeponya. Na maombi ndiyo Yakobo anayoyasema yatamwokoa mgonjwa. Mafuta yanasindikiza.

Jirani zetu Wakatoliki wametunza jambo ambalo sisi wengine tumelisahau. Kila mwaka, karibu na Pasaka, katika Misa ya Krisma, askofu akiwa na mapadre wake hubariki mafuta ya wagonjwa na ya wakatekumeni, na kuiweka wakfu krisma, ambayo ni mafuta yaliyochanganywa na manukato. Kila mafuta yana shughuli yake. Ya wakatekumeni ni ya mtu anayejiandaa kubatizwa. Krisma ni ya aliyebatizwa, ya anayepewa Kipaimara, ya padre na askofu wanapowekwa wakfu, na ya altare mpya. Ya wagonjwa hupelekwa kitandani. Zamani watu waliyachelewesha mpaka mtu akaribie kukata roho, na mwaka 1972 Papa Paulo VI alitengeneza upya utaratibu ili mgonjwa ayapate angali anaweza kuinua macho na kuitikia. Dada wa bibi yako, aliyeolewa Ukatolikini, alipakwa hivyo. Padre aliingia na viatu vyenye tope, akakaa kwenye kigoda, akampaka paji la uso na viganja, wakazungumza habari za kahawa. Hakuna chupa ya mafuta ya mafanikio katika orodha yao, wala ya kuvuta mchumba, wala ya kushinda kesi. Mimi ni Mlutheri na nitakufa Mlutheri, lakini hapo wamenipita.

Twende Nazareti. Yesu anarudi alikolelewa, anaingia sinagogi siku ya sabato, anapewa chuo cha Isaya na kusoma pale nabii anaposema kwamba Roho wa Bwana yu juu yake na amemtia mafuta. Halafu kazi zinatajwa moja moja. Maskini wahubiriwe habari njema, wafungwa watangaziwe kufunguliwa, vipofu waone, walioonewa waachwe huru. Hesabu ni ngapi kati ya hizo zinamhusu yeye mwenyewe aliyepakwa. Hakuna hata moja, zote ni za watu wengine. Petro akija kumsimulia Kornelio habari za Yesu miaka baadaye, anaweka mambo hayo katika pumzi moja: Mungu alimtia mafuta kwa Roho Mtakatifu na nguvu, naye akazunguka huko na huko akitenda mema. Na pale Nazareti, kabla ibada haijaisha vizuri, walimtoa nje ya mji mpaka ukingo wa kilima wamtupe chini. Aliyekuambia kwamba dalili ya upako ni umati na kukubalika hakusoma sura hiyo hadi mwisho.

Kuna jambo jingine kuhusu mafuta ya Yesu ambalo wahubiri wetu hawaligusi, sijui kwa nini, pengine kwa sababu linawahusu wanawake. Katika Injili zote hakuna kuhani wala nabii aliyemmiminia mafuta kichwani. Aliyefanya hivyo ni mwanamke, Bethania, kwa chupa ya alabasta yenye nardo safi. Waliokuwapo wakakasirika, wakapiga hesabu kwamba ingeuzwa kwa zaidi ya dinari 300. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo ni kazi ya karibu mwaka mzima. Yesu akawaambia mwanamke amempaka kwa ajili ya maziko yake. Mpakwa mafuta wetu, mjukuu wangu, alipakwa kwa ajili ya kufa. Na chupa ile ilivunjwa, haikubaki ya kuuza.

Sasa mataifa. Nabii amekutabiria mataifa, basi ngoja nikusimulie wa kwetu waliofika huko. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja na Biblia, wakaomba. Church alikuwa anafanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka kutoka huko, ukaingia Uganda, ukaja Bukoba, ukaenda Kenya, Burundi na Kongo. Dalili yao ya kwamba Roho amemgusa mtu ilikuwa ngumu kidogo kuliko kuanguka chini. Mtu alirudisha alichoiba. Alilipa deni. Alimwendea aliyemkosea na kuomba radhi, na wamisionari Wazungu nao wakatubu mbele ya Waafrika kwa kiburi chao, jambo ambalo katika enzi ile ya ukoloni halikuwa dogo. Baba yangu alipenda kusema kwamba siku za uamsho ng'ombe walikuwa wanarudi wenyewe. Aliongeza chumvi, bila shaka.

Utanijibu kwamba Nsibambi naye aliacha kazi ya serikali akahubiri. Ndiyo, aliacha. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya kuacha, wewe bado huna. Na hakusimamisha huduma yenye jina lake. Alibaki mlei ndani ya Kanisa la Kianglikana, akiwaombea na kuwaonya waliomjia. Ndugu yake, Blasio Kigozi, aliyefundisha Gahini, alifariki Januari 1936 angali kijana, na moto aliouacha haukuwa na bango. Kutoka katika uamsho huo alitokea Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Alianza na watu wa Kagera, mataifa yakaja yenyewe. Alitokea pia Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda. Februari mwaka huo huo wa 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji ya raia, na siku chache baadaye akauawa. Alijua anamwandikia nani. Upako wake ulikuwa wa kusema kwa niaba ya waliokuwa wanatupwa mtoni.

Nimefika mahali ninapopapenda. Nilikupeleka Kutoka 30 kwenye mafuta. Sura inayofuata, ya 31, Bwana anamwambia Musa kwamba amemwita kwa jina Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na amemjaza Roho ya Mungu. Katika Biblia nzima, kuanzia Mwanzo, huyo ndiye mtu wa kwanza anayeandikwa kwamba alijazwa Roho ya Mungu. Hakuwa kuhani, hata Mlawi hakuwa. Alijazwa Roho ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao. Alikuwa fundi. Akapewa msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani, na wote wawili wakatiwa moyoni uwezo wa kufundisha wengine. Lile birika nililokutajia, lililokuja kupakwa mafuta, lilitoka mikononi mwa fundi huyo.

Sasa niambie, umeme una ubaya gani? Umeona nyumba ngapi huku kwetu zimeungua kwa sababu fundi alitumia waya mwembamba apate cha juu? Fundi anayeweka waya sahihi ukutani, mahali ambapo mwenye nyumba hataona kamwe baada ya plasta, amemtumikia Mungu. Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya pili, anawaandikia waumini wote, watoto kwa akina baba, kwamba wanao upako kutoka kwake yeye Mtakatifu na unakaa ndani yao. Hakuwagawa kuwa wenye upako na wenye kungoja kuguswa na wenye upako. Muuguzi wa zamu ya usiku anao. Mama anayeuza ndizi pale stendi na harudishi chenji pungufu, anao. Bibi yako anao, ingawa ukimwambia atakuuliza kama umekula.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mama yako anadai umeelekezwa upande mbegu ili upako uwake. Huko Samaria kulikuwa na Simoni, aliyeona watu wakipokea Roho kwa kuwekewa mikono, akatoa fedha anunue uwezo ule. Petro alimkemea vikali, akamwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Kanisa la karne nyingi likaita dhambi ya kuuza na kununua vitu vya Mungu kwa jina la huyo Simoni. Na Gehazi, mtumishi wa Elisha, alimkimbilia Naamani njiani kuomba talanta ya fedha na mavazi kwa uponyaji ambao bwana wake alikuwa amekataa kuulipisha. Aliondoka na fedha, na ukoma. Sadaka ni jambo jingine, na ile ndizi unayoipeleka kwenye mnada baada ya ibada ni njema. Bei ya upako haipo. Anayekutajia bei amekwisha kukuambia anauza nini.

Inawezekana kabisa kwamba Mungu anakuita uhubiri. Wala mimi siyo wa kusema hapana. Lakini tazama Barnaba na Sauli, yule aliyeitwa pia Paulo, walivyotumwa kwa mataifa. Walikuwa wamefundisha Antiokia mwaka mzima, wanajulikana kwa majina na kwa tabia, na kanisa lile lililowajua ndilo lililofunga, likaomba, likawawekea mikono na kuwaacha waende. Nabii wako alikuwa amekujua tangu lini? Hakuna hata mmoja kati ya watu wanaojua jinsi unavyomjibu mama yako aliyekuwapo pale kukuwekea mkono. Kwa hiyo maliza chuo. Ukija likizo mwambie mchungaji yaliyo moyoni, atakupa darasa la shule ya Jumapili, na watoto wa miaka sita watakuonyesha upesi kama unaweza kufundisha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ukiwa nacho, tutakiona kabla hujatuambia.

Na Jumapili ya kwanza ukiwa nyumbani, usipange jambo la mchana. Wazee tunakwenda kuwaona wagonjwa baada ya ibada, na miguu ya wengi wetu imechoka, tunahitaji mwenye nguvu wa kubeba. Mafuta anayo mwinjilisti, usije na mengine. Wewe njoo na sukari kilo moja na sabuni. Yule mwalimu mstaafu wa kule chini ya mfereji macho yake hayaoni tena, anataka mtu wa kumsomea Zaburi, na mimi miwani yangu haifiki maandishi ya Biblia yake. Nakutahadharisha mapema: hupenda zile ndefu, na ukiruka mstari anajua.